Kijana wa Almaty na pointi 1.30

Tofauti ilikuwa pointi 1.30. Patrick Chan wa Kanada alikusanya 267.78, Denis Ten wa Kazakhstan akakusanya 266.48, na Chan akawa bingwa wa dunia wa kuteleza kwenye barafu, upande wa wanaume, kwa mara ya tatu mfululizo. Mahali palikuwa London, si ile ya Uingereza bali ile ya jimbo la Ontario, na siku ilikuwa Ijumaa, 15 Machi 2013.

Mpwa wangu anaishi Ontario tangu alipoolewa. Ndiye aliyenitumia video za mashindano yale kwenye simu, na chini yake akaandika: "Shikamoo mjomba. Wewe ulikuwa jaji, hebu tuambie, huyu wa Kazakhstan aliibiwa au hakuibiwa?" Nilikuwa jaji kweli, lakini wa ngumi za ridhaa, hapa Dar es Salaam, na barafu niliyoizoea mimi ni ya soko la samaki la Feri. Hata hivyo kukaa pembeni na kalamu, kumtazama kijana anayemwaga jasho na kumgeuza kuwa namba, hilo nalijua. Nikazitazama zile video, nikazirudia, kisha nikaanza kutafuta habari za kijana mwenyewe. Jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wa simu.

Kwa asiyeujua mchezo, uko hivi. Mtu huvaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini, huingia uwanjani peke yake, muziki hulia, naye huteleza, huruka, huzunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja huku akirudi kinyumenyume. Wakati ule wanaume walicheza mara mbili: kwanza kipindi kifupi cha dakika 2 na sekunde 50, na baada ya siku mbili kipindi kirefu cha dakika 4 na nusu. Alama za vipindi viwili zinajumlishwa. Mruko uliokuwa ukitenganisha wakubwa na wadogo ni ule wa mizunguko minne, ambayo mtelezaji huimaliza yote hewani kabla sekunde moja haijatimia.

Hakuna aliyemtarajia Ten. Chan alikuwa bingwa wa 2011 kule Moscow na wa 2012 kule Nice, na sasa anacheza kwao, mbele ya watu wake, kwenye ukumbi ulioitwa wakati ule Budweiser Gardens, ambao siku nyingine ni nyumba ya timu ya magongo ya barafuni. Walikuwapo Yuzuru Hanyu wa Japani, kijana wa miaka 18 ambaye mwaka uliotangulia alichukua shaba, na Javier Fernández wa Hispania, bingwa wa Ulaya. Ten je? Alipokuwa na miaka 15 alishika nafasi ya 8 duniani, Los Angeles, 2009, na watu wakasema huyu atafika. Halafu akakaa. Olimpiki ya Vancouver, 2010, alikuwa wa 11. Dunia ya 2011, wa 14. Dunia ya 2012, wa 7. Na Februari 2013, mwezi mmoja tu kabla ya London, alikwenda Osaka kwenye Mashindano ya Mabara Manne, ambako watelezaji wa Ulaya hata hawashiriki, akamaliza wa 12. Kwenye ngumi bondia mwenye rekodi ya namna hiyo hupangiwa pambano la kwanza saa kumi na moja jioni, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Jina Ten ni la Kikorea. Denis alizaliwa Almaty tarehe 13 Juni 1993, Kazakhstan ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Mkorea amefikaje chini ya milima ya Tian Shan, mbali namna ile na bahari? Alipelekwa. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwakusanya Wakorea waliokuwa wakiishi Mashariki ya Mbali ya Umoja wa Kisovieti, upande wa Vladivostok, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwavusha nchi nzima hadi Kazakhstan na Uzbekistan. Walikuwa kama 172,000. Kosa lao lilikuwa sura zao: serikali ilihofu kwamba majasusi wa Japani wangejificha katikati yao. Wengine walishushwa Ushtobe, kaskazini mashariki ya Almaty, nyikani, baridi ikiwa inaingia. Walichimba mashimo ardhini wakaishi humo mpaka majira yakageuka, na wapo waliopona kwa chakula walichopewa na Wakazakhi ambao nao walikuwa wametoka kwenye njaa kubwa ya miaka michache kabla.

Sasa tazama kichekesho chenyewe, kama kichekesho ni neno la kutumia. Denis Ten alikuwa kilembwe wa Min Keung-ho, afisa wa jeshi la Korea ambaye Wajapani walipolivunja jeshi hilo mwaka 1907 aliongoza wapiganaji kutoka Wonju kwenda kupambana nao, akauawa mwaka uliofuata. Ukoo uliotoa damu dhidi ya Wajapani ulikuwa wa kabila lililofukuzwa makwao kwa kushukiwa kuwatumikia Wajapani. Denis mwenyewe aliitafuta historia hiyo, akaenda Korea kuitazama, na Wakorea Kusini wakamshangilia kama mtoto wao aliyekulia ugenini.

Nyumbani kwao mama ndiye aliyeamua. Alikuwa mwanamuziki, na mtoto alianza kwenye muziki kabla ya kitu kingine: mwaka 2002, akiwa na miaka tisa, alisafiri na kwaya hadi Busan, Korea Kusini, kwenye mashindano ya kwaya ya dunia, wakarudi na medali ya fedha. Ukiitazama London 2013 bila kujua hili utashangaa mtu yule anasikia nini ambacho wenzake hawasikii.

Barafu aliianza na miaka mitano. Almaty ina uwanja maarufu wa barafu, Medeu, mita 1,691 juu ya usawa wa bahari, lakini huo ni wa mbio; enzi za Kisovieti watu walikuwa wakipanda kule kuvunja rekodi za dunia. Wa kuruka na kuzunguka hawakuwa na lao. Denis na wenzake walijifunzia nje, kwenye baridi ya Almaty, wamevalishwa nguo juu ya nguo kiasi kwamba mwenyewe baadaye alisimulia kuwa walifanana na kabichi. Jaribu kuzunguka hewani ukiwa umevaa makoti matatu. Baadaye likafunguliwa duka kubwa la kisasa lenye uwanja wa barafu ndani, nao wakahamia humo, wanafanya mazoezi watu wakipita na mifuko ya bidhaa.

Mwaka 2004, baada ya kijana kuonekana kwenye mashindano ya watoto huko Urusi, mama alihama naye kwenda Moscow, akawekwa chini ya mwalimu Elena Buyanova kwenye klabu ya jeshi, CSKA. Alikuwa mtoto wa Kazakhstan kwenye mji ambao watoto wenyeji wanatosha na kubaki. Mwaka 2010 akahama tena, safari hii California, kwa Frank Carroll, mzee aliyekuwa ametoka kumpa Marekani dhahabu ya Olimpiki kupitia Evan Lysacek. Carroll alikuwa mwalimu wa shule ya zamani, mtu wa kurudia. Miaka mitatu ya kwanza matunda hayakuonekana, na viungo vya kijana vilikuwa vikiuma mara kwa mara. Osaka ilikuwa mwisho wa uvumilivu wa wengi waliokuwa wakimfuatilia.

Basi akafika London na muziki wa The Artist, ile filamu ya mwaka 2011 isiyo na maneno, inayomhusu nyota wa sinema za kimya anayesahauliwa sauti zinapoingia. Lori Nichol ndiye aliyempangia hatua. Kilichokuwa cha ajabu ni kwamba vipindi vyote viwili, kifupi na kirefu, vilichukuliwa kutoka filamu hiyo hiyo, kana kwamba Jumatano unasimulia nusu ya hadithi na Ijumaa unaimalizia. Jumatano ile, 13 Machi, alipata 91.56, nafasi ya pili. Aliyemtangulia, Chan, alipata 98.37, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Pengo la karibu pointi 7. Wachambuzi wakamsifu kijana kwa adabu, kama unavyomsifu mgeni kwa kula vizuri, wakageukia habari za Hanyu aliyekuwa ameharibu.

Ijumaa ndiyo iliyonikalisha. Nimeitazama kama ninavyotazama bondia: macho kwenye miguu, si kwenye uso. Anafungua kwa mruko wa mizunguko minne na kutua kama mtu anayeshuka ngazi moja. Kisha unakuja ule wa Axel, ambao mtu huuingia akitazama mbele na kwa hiyo huuzunguka mara tatu na nusu. Mpaka hapo wengine wangekuwa wamelipa kwa pumzi. Yeye hapana. Ninachokiona katikati ya miruko ndicho kilichonifanya nirudishe nyuma: hakuna hatua ya kujiandaa tu. Mtelezaji wa kawaida, kabla ya mruko mkubwa, husahau muziki kwa sekunde kadhaa, hunyoosha mwili na kuhesabu kichwani, utamwona kabisa. Ten anaingia kwenye mruko huku bado anaigiza. Yule nyota wa sinema za kimya yupo kwenye mabega, kwenye shingo, kwenye namna anavyoipokea sauti ya ala badala ya kuifuata. Mtoto wa kwaya. Hakuanguka hata mara moja. Alipomaliza, uso wake ulikuwa wa mtu ambaye naye hakutarajia.

Alama zikatoka: 174.92. Kati ya wanaume 24 waliocheza siku ile hakuna aliyeikaribia.

Na Chan? Alianza vizuri kuliko mtu yeyote. Miruko yake ya kwanza ya mizunguko minne ni mali ya kufundishia. Halafu akaanguka. Akainuka, akaendelea, akaanguka tena. Alama zake 169.41. Hanyu, aliyefufuka na kupanda hadi nafasi ya nne kwa jumla, alipata 169.05 kwenye kipindi hicho kirefu. Fernández 168.30. Yaani siku ile Chan aliponea chupuchupu kuwa wa nne kwenye kipindi kirefu, na bado akavaa dhahabu.

Hapo ndipo swali la mpwa wangu linapoingia kwenye kazi yangu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaikumbuka Olimpiki ya Seoul 1988 kwa furaha, kwa sababu Robert Wangila wa Kenya alimmaliza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali na kuchukua dhahabu ya uzani wa welta. Wangila hakuwaachia majaji kazi. Lakini kwenye Michezo hiyo hiyo Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini makonde 86 kwa 32, kisha majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Park mwenyewe aliona haya. Aibu ile ndiyo iliyoleta mashine: kufikia Barcelona 1992 kila jaji alikuwa na vitufe, na konde halikuhesabiwa mpaka majaji watatu kati ya watano wabonyeze ndani ya sekunde moja. Waliotunga waliamini wamemfunga mwizi mikono. Walichopata ni mabondia waliojifunza kuipiga mashine badala ya mpinzani, ngumi ya kugusa na kukimbia, na wazee kama sisi tukibaki tunaguna. Mwaka 2013, mwaka ule ule wa London ya Ontario, ngumi za ridhaa zikaitupa mashine na kurudi kwenye pointi kumi kwa raundi.

Barafuni nako walikuwa na Seoul yao. Ilikuwa Salt Lake City, 2002, mashindano ya wawili wawili. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walipewa dhahabu mbele ya Wakanada Jamie Salé na David Pelletier kwa tofauti ya jaji mmoja, na jaji wa Ufaransa akasema alikuwa ameshinikizwa; baadaye akaigeuza kauli. Wakubwa wakaamua kutoa dhahabu ya pili kwa Wakanada, jambo ambalo kwenye ulingo tungeliita kukata mtoto katikati, na kufikia 2004 mfumo wa zamani wa alama 6.0 ukazikwa.

Mfumo huo wa zamani ulikuwa rahisi kueleweka na mtu wa kawaida. Alama hazikujumlishwa, zilikuwa za kupanga nafasi tu. Jaji alisema huyu wa kwanza, huyu wa pili, na wengi wakishinda. Nafasi ya kipindi kifupi ilizidishwa kwa nusu, ya kipindi kirefu kwa moja, zikajumlishwa, na mwenye jumla ndogo akawa bingwa. Mfumo mpya ukaja kama orodha ya bei ya duka: kila mruko una thamani yake, majaji wanaongeza au kupunguza kulingana na ulivyofanywa, kisha wakati ule zilikuja alama tano za ustadi na usanii, kila moja juu ya kumi, na kwenye kipindi kirefu cha wanaume zikazidishwa mara mbili. Ukianguka, mbali na mruko wenyewe kushuka thamani, unakatwa pointi 1.

Chukua sasa London 2013 uipige kwa hesabu ya zamani. Ten: wa pili kipindi kifupi, nusu ya mbili ni 1, wa kwanza kipindi kirefu, 1. Jumla 2.0. Chan: wa kwanza kipindi kifupi, 0.5, wa pili kipindi kirefu, 2. Jumla 2.5. Mwenye jumla ndogo ni bingwa. Kwa nafasi zile zile walizoshika, bila kubadilisha chochote ila namna ya kujumlisha, Denis Ten anaondoka London na dhahabu.

Nilipoipata hesabu hiyo nilitaka kumpigia mpwa wangu papo hapo. Lakini nimekaa kwenye viti vya majaji, na najua kwamba mfumo wa zamani usingezaa nafasi zile zile. Jaji anayepanga nafasi hulinganisha watu, na ukilinganisha watu unalinganisha majina. Bingwa wa dunia mara mbili, yuko kwao, ukumbi umejaa. Upande wa pili kijana aliyekuwa wa 12 Osaka, wa nchi ambayo haijawahi kupata medali hata moja ya dunia kwenye mchezo huu. Kelele za jukwaani huingia kwenye kalamu. Asiyekubali hilo hajawahi kuhukumu pambano la mtoto wa Manzese ndani ya Manzese. Ninaamini kabisa kwamba kwa alama za 6.0 wapo majaji ambao wangemwona Chan akianguka mara mbili na bado wakamwandika wa kwanza, kwa sababu ya ile miruko ya mwanzo na kwa sababu ni Chan. Ilikuwa ni ile orodha ya bei, baridi na isiyo na aibu, iliyomlazimisha kila mmoja kulipa mruko wa Ten thamani yake. Chombo kilekile kilichomnyima taji ndicho kilichomfikisha mlangoni.

Kwa hiyo kuibiwa hapana. Zile 98.37 za Jumatano zilikuwa za halali; nimeitazama na hiyo, na ni kazi safi. Mwenye akiba kubwa anaweza kuanguka mara mbili na asifilisike. Ninachokataa ni bei ya anguko. Pointi 1, kwenye mchezo ambao mtu anaondoka na pointi 170 kwa kipindi kimoja, ni nauli ya daladala. Ingekuwa 2, Chan angepoteza 2 zaidi, na Ten angekuwa bingwa kwa pointi 0.70. Baadaye wakubwa wa mchezo walipandisha bei, ila kwa namna yao: anguko la kwanza na la pili bado ni pointi 1 kila moja, la tatu na la nne ndiyo 2. Yaani hata kwa sheria hiyo mpya Chan wa London angekatwa vilevile.

Na jambo moja zaidi, la kikazi. Mwaka 2013 majaji wa mchezo huu walikuwa wamefichwa. Karatasi ya matokeo ilionyesha alama zote lakini imezichanganya, usijue ipi ya jaji gani. Walisema ni kuwakinga dhidi ya mashinikizo ya vyama vyao. Mimi nilitia saini kila karatasi yangu, na kuna usiku nilitolewa ukumbini kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya saini hiyo. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Utaratibu wa kuficha uliondolewa mwaka 2016, umechelewa.

Ten hakulalamika. Fedha ile ilikuwa medali ya kwanza ya dunia ya Kazakhstan kwenye mchezo huo, naye aliichukulia hivyo. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Sochi, alikuwa wa 9 baada ya kipindi kifupi, akapanda mpaka shaba kwa kipindi kirefu cha 171.04, nyuma ya Hanyu na Chan. Februari 2015 alikwenda Seoul, nchi ya Min Keung-ho, akashinda Mabara Manne kwa 289.46, na mwezi uliofuata akachukua shaba ya dunia Shanghai. Mwaka huo huo alikuwa balozi wa Almaty ilipoomba Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2022. Beijing ilishinda kwa kura 44 dhidi ya 40. Kijana huyu na tofauti ndogo walikuwa na mkataba. Kisha majeraha yakamzidi nguvu. PyeongChang, 2018, alimaliza wa 27 kipindi kifupi na hakufuzu kucheza kirefu.

Tarehe 19 Julai 2018, mchana, katikati ya Almaty, aliwakuta watu wawili wakiiba vioo vya gari lake. Walimchoma kisu pajani, damu ikamtoka nyingi mno, akafia hospitalini. Alikuwa na miaka 25. Waliomuua walihukumiwa miaka 18 kila mmoja. Umati uliojaa kwenye ukumbi wa michezo wa Baluan Sholak kumuaga ulionyesha kwamba mchezo ambao yeye alijifunzia dukani ulikuwa sasa ni wa taifa zima. Miezi minane baadaye Elizabet Tursynbaeva alichukua fedha ya dunia upande wa wanawake, akiwa wa kwanza kati yao kutua mruko wa mizunguko minne kwenye mashindano ya kimataifa ya wakubwa. Machi 2025, Boston, Mikhail Shaidorov, mzaliwa wa Almaty, alichukua fedha ya dunia upande wa wanaume. Na watelezaji wanapokwenda Kazakhstan kwenye mashindano yenye jina la Denis Ten, wanakuta uwanja wenye paa.

Kwenye karatasi yangu ya Ijumaa ile nimemwandika Ten wa kwanza, na nimetia saini. Wewe msomaji usinikubalie bure. Zitafute video za vile vipindi virefu viwili, cha Ten na cha Chan, dakika nne na nusu kila kimoja. Ficha matokeo, chukua kalamu, uandike yako.